Nina uzamivu wa Tanzania na mkataba wa miaka minne Ujerumani: nianze habilitasheni?

Shikamooni washauri,

Mimi ni Mtanzania, nina miaka 38 na mtoto wa miaka mitatu. Uzamivu wangu niliupata nyumbani miaka mitatu iliyopita, kwa tasnifu kuhusu tenzi za Kiswahili za karne ya 19. Huu mwaka wa pili nimeajiriwa kama mtafiti katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Bavaria, na juzi mkataba wangu umeongezwa miaka minne mingine. Kila muhula nafundisha semina moja ya fasihi na darasa moja la lugha.

Profesa ninayefanya naye kazi amenishauri nianze habilitasheni, ule mtihani wa baada ya uzamivu unaomfungulia mtu njia ya uprofesa. Mwenzangu mmoja ofisini anasema utaratibu huo umepitwa na wakati, nitapoteza miaka bure. Mwingine anasema bila huo usahau uprofesa hapa Ujerumani. Nilipokwenda kuuliza kitivoni nilikabidhiwa kanuni zilizoandikwa kwa Kijerumani cha kisheria nikaambiwa kila kitu kimo humo. Nimezisoma mara mbili na bado sijui nianzie wapi.

Naomba mnieleze: hasa wanataka nini? Nikiipanua tasnifu yangu iwe kitabu, itatosha? Naweza kuandika kwa Kiswahili? Nani atanitahini, na nikishindwa inakuwaje? Nikimaliza napata kazi? Na nikirudi Tanzania, kitu hiki kitanifaa?

Mwalimu wa Fasihi, Bavaria

Marahaba, dada yetu.

Tuanze na wenzako wa ofisini, maana kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Mwaka 2002 sheria ya shirikisho ilianzisha uprofesa wa ngazi ya kwanza, unaoitwa Juniorprofessur, kwa nia ya kuiondoa habilitasheni taratibu. Julai 2004 Mahakama ya Katiba iliitengua sheria hiyo kwa kuwa serikali ya shirikisho ilikuwa imevuka mipaka na kuingia kwenye mamlaka ya majimbo. Vyote viwili vikabaki. Leo sheria za majimbo zinakubali njia kadhaa za kufikia uprofesa: Juniorprofessur iliyotathminiwa vizuri, kuongoza kikundi cha utafiti, habilitasheni, au machapisho yenye uzito unaolingana nayo. Uzito wa kila njia hutegemea fani. Mhandisi anaweza kuitwa moja kwa moja kutoka kiwandani. Kwa madaktari habilitasheni ni karibu ya lazima kwa anayetaka kuongoza idara ya hospitali ya chuo kikuu, ndiyo maana takriban nusu ya habilitasheni za Ujerumani, ambazo kwa jumla ni zaidi kidogo ya 1,500 kwa mwaka, hutoka katika tiba na sayansi za afya. Katika fasihi, isimu na historia, kamati ya kuajiri profesa bado huuliza swali lilelile la zamani: kitabu cha pili, baada ya kile cha uzamivu, kiko wapi? Kwa fani yako, basi, ushauri wa profesa wako ni wa haki. Linalobaki ni kama muda wako unatosha.

Habilitasheni yenyewe ni mtihani. Hakuna darasa wala ada ya muhula, na si uzamivu wa pili. Kitivo kimoja kinampima mtu ambaye tayari ana uzamivu, kione kama anaweza kulibeba somo zima peke yake, kwa utafiti na kwa kufundisha. Chuo Kikuu cha Berlin kiliuandika katika kanuni zake mwaka 1816 na kutoka huko ukaenea. Ukifaulu unapata vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni uthibitisho wa uwezo wa kufundisha, Lehrbefähigung, ambao ni matokeo ya mtihani na ni wako daima. Cha pili ni ruhusa ya kufundisha somo hilo katika chuo hicho, Lehrbefugnis, ambayo wengi huiita kwa Kilatini venia legendi. Hiyo ya pili huombwa, na ndiyo inayokupa cheo cha Privatdozent, kifupi PD.

Sasa zile kanuni ulizopewa. Hakuna kanuni moja ya Ujerumani nzima. Kila kitivo kina zake, Habilitationsordnung, na vitivo viwili vya chuo kimoja vinaweza kutofautiana katika jambo kubwa kama kukubali makala badala ya kitabu. Kwa hiyo lolote utakalosikia kutoka kwa rafiki aliye Hamburg au Köln, hata likiwa la kweli kabisa, ni la Hamburg au Köln. Zisome mara ya tatu ukiwa na kalamu, utafute mambo sita tu: sharti kuhusu uzamivu, aina ya kazi inayokubaliwa, lugha zinazoruhusiwa, kiasi cha ufundishaji, idadi ya wasomaji wa nje (maprofesa wa vyuo vingine wanaoisoma kazi na kuiandikia ripoti), na kinachotokea mtu anapojitoa. Mengine ni taratibu za mikutano yao, hayakuhusu leo. Angalia pia tarehe ya toleo, kwa sababu sheria mpya ya vyuo vikuu ya Bavaria ilianza kutumika Januari 2023 na nakala za zamani bado zinazagaa kwenye mafaili ya watu.

Bavaria ina utaratibu wake ambao kwa mtu wa hali yako ni mzuri kuliko wa majimbo mengi. Kwingine mtu huandika kimya miaka mitano, kisha anabisha hodi na mswada mkononi. Bavaria unaomba kwanza kupokelewa kama mtahiniwa. Ukikubaliwa, kitivo kinakuteulia jopo la walezi, kwa kawaida maprofesa watatu, liitwalo Fachmentorat. Mnakubaliana nao kwa maandishi utaandika nini na utafundisha nini, wanakutathmini baada ya miaka miwili, na shughuli nzima inakusudiwa isizidi minne. Malezi ya mtoto ni sababu inayokubalika ya kuongezewa muda. Kwenye jopo hilo usiweke watu watatu wa profesa wako. Chagua mmoja wa fasihi za Kiafrika, mmoja wa fasihi linganishi au historia, na kanuni zikiruhusu, mmoja wa chuo kingine. Profesa wa Kijerumani huitwa kwenda chuo kingine au hustaafu, na mtahiniwa aliyemtegemea yeye peke yake hubaki yatima katikati ya safari. Hilo hutokea mara nyingi sana.

Kabla ya kupeleka ombi hilo, shughulikia uzamivu wako, kwa maana hapo ndipo waombaji wengi kutoka Afrika Mashariki hukwama.

Kwanza, kanuni nyingi zinataka uzamivu uliofaulu vizuri kuliko wastani, na huandika daraja la Kijerumani kama magna cum laude. Nyumbani uzamivu hautolewi kwa madaraja: umefaulu au hukufaulu. Karani wa kitivo akiona cheti kisicho na daraja anaweza kulirudisha faili lako bila hata kulifikisha kwenye baraza. Dawa yake ni kuomba mapema barua kutoka kurugenzi ya masomo ya uzamili ya chuo chako ikieleza kwamba uzamivu haupangwi kwa madaraja, na kuambatanisha ripoti za watahini wako, hasa wa nje. Barua hizo huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kwa hiyo uombe leo. Kitivo pia kitaangalia hadhi ya chuo kilichokupa shahada katika hifadhidata ya serikali iitwayo anabin. Chapisha ukurasa huo uuweke kwenye faili mwenyewe.

Pili, usijiandike "Dr." kwenye karatasi hizo. Nyumbani ni haki yako na kila mtu anakuita hivyo. Ujerumani shahada ya nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida huandikwa kama ilivyotolewa, yaani PhD pamoja na jina la chuo, na ni nchi chache tu zilizopewa ruhusa maalumu ya kugeuza. Kutumia cheo visivyo ni kosa la jinai hapa, na kamati ikiliona itajiuliza kuhusu uangalifu wako.

Tatu, na hapa tunajibu swali lako la tasnifu: hapana, haitatosha, hata ukiipanua mara mbili. Kazi ya habilitasheni lazima iwe tofauti waziwazi na ya uzamivu kwa mada, na vizuri zaidi kwa kipindi na mbinu pia. Wanataka kuona kwamba hukuwa na hoja moja tu maishani. Lakini usiiache ile tasnifu kabatini. Ujerumani mtu hapewi haki ya kutumia cheo cha udaktari mpaka achapishe tasnifu yake, ndiyo maana huku husemwa "kitabu cha pili": cha kwanza kinachukuliwa kuwa kipo. Ya kwako, kama tasnifu nyingi za nyumbani, huenda iko maktaba ya chuo tu. Toa ndani yake makala mbili nzuri, au kitabu, katika mwaka wako wa kwanza, kabla kazi mpya haijakumeza.

Mada mpya uichague kwa kuangalia pia jina la somo utakaloliombea ruhusa. Wengi huliona jina hilo kama jambo la kujaza fomu mwishoni, kumbe ndilo litakalokufungulia au kukufungia milango miaka kumi ijayo. Ukiandika "Fasihi ya Kiswahili" umejifunga mwenyewe, kwa sababu vyuo vyenye masomo ya Kiafrika, kama Bayreuth, Leipzig, Hamburg, Köln, Mainz, Frankfurt na Humboldt ya Berlin, havihesabiki kwa wingi, na nafasi yao ya profesa ikitangazwa huwa ya lugha au fasihi za Kiafrika kwa upana. Ukiandika "Fasihi za Kiafrika" bila zaidi, kamati itauliza ushahidi wa Kihausa, Kizulu, au fasihi ya Kifaransa na Kiingereza ya Afrika. Jina la katikati, kwa mfano fasihi katika lugha za Kiafrika, linabebeka endapo angalau sura mbili za kazi yako au semina tatu ulizofundisha zimetoka nje ya Kiswahili.

Tuseme kwa mfano: ulitafiti tenzi za karne ya 19. Unaweza kuhamia ushairi wa magazetini, kuanzia gazeti la Kiongozi lililotoka Tanga enzi za Wajerumani hadi Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, ukalinganisha na ushairi wa magazeti ya lugha nyingine ya Kiafrika. Kipindi kimebadilika, chombo kimebadilika, na ujuzi wako wa mizani na vina haupotei.

Kitabu au makala? Kitivo chako kikiruhusu vyote viwili, itabidi upime. Kitabu cha fani yako kinatarajiwa kuwa na kurasa 300 hivi, hoja moja inayokwenda mwanzo hadi mwisho. Njia ya makala inakutaka uwe na makala kadhaa katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, zinazozunguka swali moja, pamoja na utangulizi mrefu unaozifunga. Makala zina faida kubwa kwa mtu ambaye huenda akarudi Tanzania, na tutaeleza sababu mbele. Lakini zina mitego. Makala mliyoandika wawili inahitaji tamko lililotiwa saini na mwenzako kwamba sehemu fulani ni yako. Omba saini hiyo siku makala inapokubaliwa, kwa sababu baada ya miaka mitatu mwenzako atakuwa amehama na anwani yake ya barua pepe haifanyi kazi. Kanuni zikitaja idadi, panga kuzidisha moja au mbili, maana daima iko makala ambayo mjumbe mmoja ataona haihusiani na swali. Na utangulizi wenyewe usiuandike wikiendi ya mwisho. Wasomaji wa nje huusoma kuliko kitu kingine chochote, na pale ndipo huandika "makala nzuri lakini haziunganiki". Sisi tungeupa kurasa 40 na miezi minne.

Kuandika kwa Kiswahili tunakuelewa kabisa, na hakuna haja ya kuona haya kuuliza. Kwa kawaida kanuni hutaja Kijerumani na Kiingereza, na lugha nyingine kwa idhini. Hata hivyo ukweli wa kazi ni huu: wasomaji wa nje lazima waisome yote na waiandikie ripoti, na baraza zima la kitivo, pamoja na maprofesa wa Kifaransa na wa historia, lina haki ya kuifungua mezani. Wenye Kiswahili cha kutosha na wenye sifa ya kuwa wasomaji ni wachache, na baadhi yao utahitaji wakae kwenye jopo lako. Andika kwa Kiingereza au Kijerumani, weka mashairi yote kwa Kiswahili na tafsiri chini yake, kisha toleo la Kiswahili lifuate kwa mchapishaji wa nyumbani.

Suala hilo la uchache wa watu lina upande mwingine ambao hauandikwi kwenye kanuni yoyote. Msomaji wa nje hatakiwi kuwa na mgongano wa maslahi nawe: aliyeandika nawe makala, aliyekusimamia, au mliyeomba naye ruzuku hivi karibuni huondolewa. Uwanja wa Kiswahili Ulaya ni mdogo, kila mtu anahariri kitabu na kila mtu, watu hukutana kila mwaka kwenye kongamano la Kiswahili la Bayreuth, na mtu mkarimu anayekubali kila mwaliko hujikuta mwaka wa nne hana hata profesa mmoja aliye huru kumsoma. Andika sasa majina ya maprofesa watano ambao ungependa wakusome. Salimiana nao, wape mihadhara yako waisikilize, waulize maswali. Usiandike nao chochote kwa pamoja mpaka utakapomaliza.

Kuhusu ufundishaji, hesabu hufanywa kwa saa za wiki kwa muhula. Saa 2 ni kipindi kimoja cha dakika 90 kila wiki katika kipindi cha mihadhara, yaani wiki 14 au 15. Semina yako inahesabiwa. Darasa la lugha ndilo lenye utata, kwani vitivo vingi huliona kama mafunzo ya vitendo na si ufundishaji wa taaluma, na mtu mwenye mihula minane ya Kiswahili cha kuanzia anaweza kuambiwa hana uzoefu wa kutosha. Linatuuma kulisema. Tangu Mtoro bin Mwinyi Bakari alipokuja Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, mwenye lugha amepewa darasa la matamshi na mwingine amepewa mhadhara wa nadharia. Wewe unaweza kukataa mgawanyo huo kwa adabu. Mwombe profesa wako, kwa maandishi, mihula miwili kati ya minane ubadilishane darasa la lugha na mhadhara wa utangulizi au semina ya shahada ya umahiri. Kwa kila kozi hifadhi maelezo ya kozi, tangazo lake, na tathmini ya wanafunzi ya muhula huohuo, kwa kuwa mifumo ya chuo hufuta data za zamani. Chuo kikiwa na mafunzo ya ufundishaji wa elimu ya juu, yachukue mapema, maana baadhi ya vitivo vinadai cheti chake.

Tufike kwenye muda, kwa sababu hapo ndipo tunapohofia zaidi. Sheria ya mikataba ya watafiti inaruhusu miaka 6 ya ajira ya muda baada ya uzamivu (kwa udaktari wa binadamu ni 9). Miwili inakwisha, minne umepewa, pipa limejaa. Kuna nyongeza mbili. Kama uzamivu wako ulikuchukua pungufu ya miaka 6, tofauti yake inaongezwa hapa, hata kama hukuwa umeajiriwa ukiufanya. Na kila mtoto anayeishi nawe, aliye chini ya miaka 18, anaweza kuongeza miaka 2. Chuo kinaruhusiwa kukupa nyongeza hizo lakini hakilazimiki. Uliza ofisi ya utumishi ikuandikie barua ya tarehe ya ukomo wako. Pia mkataba wa mradi wenye fedha za ruzuku huhesabiwa kwa kigezo kingine na unaweza kufuata baada ya hapo.

Ukiwa na miezi 48, usipange kukabidhi kazi mwezi wa 46. Kabidhi mwezi wa 34 au 35. Wasomaji wa nje hupewa kama miezi mitatu kwenye karatasi, na hutumia mitano. Baraza la kitivo hukutana mara chache tu katika muhula, na Agosti na Septemba huwezi kumpata mtu. Ripoti zikifika, kazi huwekwa wazi wiki kadhaa ili maprofesa wa kitivo waisome, kisha ndipo kura. Yote kwa pamoja huchukua miezi minane hadi kumi na miwili. Anayekabidhi akiwa amechelewa hufanya mtihani wake wa mwisho akiwa hana ajira, na kwa mgeni maana yake ni kibali cha kuishi kinachokaribia kuisha wiki ileile ya mhadhara. Kwa hiyo tathmini ya mwezi wa 24 ikukute na nusu ya mswada, na si mpango wa mswada. Omba pia mapema kupunguziwa vipindi katika muhula wa kabla ya kukabidhi.

Faili la kukabidhi kwa kawaida lina wasifu, vyeti vilivyothibitishwa, orodha ya machapisho, orodha ya kozi na tathmini, kazi yenyewe, tamko kwamba umeiandika mwenyewe, tamko kama umewahi kujaribu habilitasheni kwingine, na cheti cha tabia njema cha polisi ambacho huombwa ofisi ya manispaa kwa euro 13 na kutumwa kwa posta. Usikiombe mapema mno, kwa sababu vitivo hutaka kilichotolewa hivi karibuni.

Ambapo kanuni zinadai mhadhara wa mtihani, huwa unapendekeza mada tatu, nazo zisitoke kwenye uzamivu wala kwenye kazi ya habilitasheni. Kitivo huchagua moja na kukupa wiki chache. Watu huandaa moja wanayoipenda na kuzijaza mbili kwa jina tu. Mwanahisabati Bernhard Riemann alifanya karibu hivyo katika Chuo Kikuu cha Göttingen: alikuwa amejiandaa kwa mada zake mbili za kwanza, na profesa wake, Gauss, akachagua ya tatu, ya misingi ya jiometri. Ikabidi aiandae upya, na tarehe 10 Juni 1854 alitoa mhadhara uliobadilisha hisabati. Yeye alikuwa Riemann. Wewe ziandae zote tatu, kila moja na muhtasari wa kurasa tano na orodha ya maswali kumi magumu. Maswali mabaya hayatoki kwa wataalamu wa Kiswahili. Hutoka kwa profesa wa fani ya jirani anayeuliza "na hili linatofautianaje na ushairi wa magazeti ya Ujerumani ya karne ya 19?" Ukijibu kwa utulivu, hata kwa kusema mpaka wa ulinganisho uko wapi, umeonyesha kile hasa wanachokipima. Kijerumani chako kiwe cha kutosha kufuatilia swali hata kama unajibu kwa Kiingereza.

Kushindwa kwenye mhadhara wenyewe ni nadra. Kazi hukwama kabla: walezi hawakuridhika mwezi wa 24, au ripoti moja imekuwa mbaya. Ripoti mbili zikipingana, kitivo huita msomaji mwingine. Hapa ndipo kile kifungu cha kujitoa kinapohitajika. Vitivo vingi vinaruhusu kujitoa bila kuhesabiwa kuwa umeshindwa, lakini hadi hatua fulani tu, na hatua hiyo uijue kabla ya kukabidhi. Mwanafalsafa Walter Benjamin alishauriwa mwaka 1925 huko Frankfurt aondoe maombi yake, akayaondoa, na kazi ile bado inasomwa duniani kote. Aliyekataliwa rasmi, kwa upande mwingine, atalazimika kulitaja hilo kwenye kila ombi linalofuata, na kwa kawaida ana nafasi moja tu ya kurudia.

Ukifaulu hupati kazi. Utapewa cheti, utatoa mhadhara wa kuanza ambao familia hualikwa, na utaruhusiwa kusimamia na kutahini watahiniwa wa uzamivu. PD anatakiwa kuendelea kufundisha kiasi fulani, mara nyingi kozi ya saa 2, hata asipolipwa, na akiacha kwa mihula kadhaa bila ruhusa ya kitivo anaweza kunyang'anywa venia. Ukihamia chuo kingine, huko unaomba kuhamishia ruhusa yako, na huo ni utaratibu mfupi zaidi.

Kwa hiyo, wakati huohuo, fungua mlango wa pili. Shirika la utafiti la Ujerumani, DFG, lina mpango wa Emmy Noether unaompa mtu kikundi chake cha utafiti kwa miaka 6, na kuongoza kikundi hicho huhesabiwa sawa na habilitasheni. Kwa kawaida maombi hupokelewa ndani ya miaka 4 baada ya uzamivu. Umebakiwa na mmoja. Mpango huo una jina la mwanahisabati ambaye Göttingen ilimtaka tangu 1915 lakini hakuruhusiwa habilitasheni hadi 1919, kwa sababu ni mwanamke tu. Pendekezo la kitabu utakaloandikia jopo lako linaweza, kwa kazi ya miezi mitatu, kuwa ombi la ruzuku.

Na nyumbani? Kwenye ngazi za vyuo vya Tanzania, kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, hakuna hatua inayoitwa habilitasheni. Kamati ya kupandisha vyeo itahesabu machapisho yako, miaka ya kufundisha, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu uliowafikisha mwisho. Cheti cha PD utakiambatanisha na kukieleza kwa barua, lakini kitakachokupandisha ni makala zile. Ndiyo maana, kama kurudi ni wazo unalolipa hata robo ya uzito, chagua njia ya makala kitivo kikiruhusu, na usimamie pamoja na mwenzako wa Dar es Salaam au Zanzibar mwanafunzi mmoja au wawili wa umahiri kutoka sasa. Kama tayari umeamua kurudi ndani ya miaka miwili, habilitasheni usiianze, tumia miezi hiyo kwa makala nne nzuri.

Kama huna uamuzi huo, anza. Wiki hii tuma barua tatu: kwa chuo chako cha nyumbani kuhusu daraja la uzamivu na ripoti za watahini, kwa ofisi ya utumishi kuhusu tarehe ya ukomo, na kwa mkuu wa kitivo kuuliza baraza linakutana lini na maombi ya kupokelewa yafike kabla ya siku gani. Majibu ya hizo tatu yakifika, kaa na profesa wako mjadili majina ya walezi wengine wawili.